KOCHA MPYA AMEFIKA: JE, MABAO NAYO YATAFIKA?

Ndugu msomaji, ukifika Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, siku ya Jumapili jioni, utakuta makundi mawili ya watu. Kundi la kwanza limeketi barazani likizungumzia kahawa: mvua ilivyonyesha, maua yalivyotoka, na bei itakavyokuwa. Kundi la pili limebanana ndani ya kibanda umiza likitazama mpira katika televisheni. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba makundi yote mawili yana kazi moja. Yote yanatabiri. Hawa wanatabiri mavuno na wale wanatabiri mabao.

Lakini iko tofauti kubwa. Mkulima wa kahawa anapotabiri, hutoka kwanza akaingia shambani, akainama, akatazama matawi. Shabiki wa kandanda anapotabiri, aghalabu hutazama jina la kocha tu. Klabu ikitangaza asubuhi kwamba imepata kocha mpya, jioni yake utasikia, "Sasa tutafunga matano matano!" Na mwenzake atajibu, "Huyo ni mtu wa kujilinda, mabao tusahau." Wote wawili hawajaona hata zoezi moja.

Kama mambo yangeishia katika ubishi, tusingekuwa na haja ya kuandika makala haya. Ubishi wa mpira ni burudani ya halali, na unachangamsha mji. Tatizo ni kwamba siku hizi utabiri unaambatana na fedha. Kijana anaandika mkeka wake. Baba anachukua sehemu ya ujira wa wiki naye anaandika wake. Timu iliyopata kocha mpya inaonekana kuwa mahali pazuri pa kuweka fedha, maana kila mtu ana hakika mambo yamebadilika. Mkeka unapochanika, anayeumia si mwandishi wake peke yake. Wanaumia pia mama anayesubiri fedha ya sukari, na mtoto anayesubiri daftari.

Kwa hiyo leo, ndugu msomaji, tujiulize kwa utulivu: kocha mpya anapokabidhiwa timu, ni mambo gani katika ushambuliaji yanayoweza kutabirika, na ni yapi yasiyotabirika?

BWANA SHAMBA MPYA NA MIBUNI ILE ILE

Karagwe na Kyerwa ni wilaya za kahawa na migomba. Zamani zilikuwa wilaya moja. Kyerwa ilijitenga na kuwa wilaya kamili mwaka 2012. Kuanzia Bugene na Omurushaka hadi Nkwenda, Kaisho na Murongo, hapana mtu asiyeujua mbuni. Basi tuutumie mbuni huo kama mfano.

Tuseme kijijini kwenu ameletwa bwana shamba mpya, mtu hodari mwenye sifa. Je, msimu huo huo mtavuna mara mbili? Hapana. Mibuni ni ile ile. Kutoka ua hadi tunda jekundu la kahawa yetu ya robusta hupita karibu miezi kumi, na mche uliopandwa leo hautazaa vizuri kabla ya miaka mitatu. Bwana shamba mpya anaweza kubadili jinsi mnavyopogoa, mnavyotandaza majani, mnavyopanga nafasi kati ya mche na mche. Hayo mtayaona mapema. Matunda yatafuata baadaye, nayo yatategemea pia mvua, udongo na umri wa miti.

Kocha naye ni hivyo hivyo. Anaweza kubadili mapema njia ya mpira: unaanzia kwa nani, unapitia wapi, unafikaje langoni kwa mpinzani. Hayo mtu mwenye macho anaweza kuyatabiri. Lakini idadi ya mabao hutegemea miguu iliyopo, siku zilizopatikana za mazoezi, na mpinzani anayekutana nayo. Ndiyo maana tunasema: tabiri njia, usitabiri hesabu. Mifano ya kuthibitisha hayo tunayo hapa hapa nchini.

NANI AMEONDOKA, NANI AMEBAKI

Swali la kwanza la kujiuliza si "kocha ni nani?" bali "nani amebaki?" Tutazame visa viwili.

Karagwe na Kyerwa hazina timu yake ya Ligi Kuu. Kwa miaka mingi timu ya mkoa mzima imekuwa Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Wilaya ya Missenyi, ambayo uwanja wake wa nyumbani ni Kaitaba mjini Bukoba. Kutoka Kayanga hadi Kaitaba ni safari ya zaidi ya kilometa mia moja kupitia Kyaka. Hivyo wengi huifuata timu hiyo kwa redio na televisheni.

Msimu wa 2016/2017 Kagera Sugar ilikuwa chini ya kocha Mecky Mexime, aliyekuwa beki na nahodha wa Taifa Stars. Wengi walidhani beki atajenga timu ya kujikunja nyuma. Ikawa kinyume. Timu ilimaliza ligi ikiwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba tu, na mbele ya Azam. Mshambuliaji wake kijana, Mbaraka Yusuph, alifunga mabao 12, mawili tu pungufu ya vinara wa msimu huo. Hapo wana Kagera wakaona nchi imekuwa yao.

Kisha nini kikatokea? Mwaka 2017 Mbaraka Yusuph alihamia Azam. Kocha alibaki yule yule, na mafunzo yake yale yale, lakini msimu uliofuata nafasi ya tatu haikurudi. Njia ya mpira ilikuwa imejengwa ili imfikie mtu mmoja, na mtu huyo hakuwapo tena.

Sasa tuhamie Dar es Salaam, kwa Yanga ya mwaka 2023. Chini ya kocha Nasreddine Nabi, mwisho wa mashambulizi ulikuwa kwa Fiston Mayele. Msimu wa 2022/2023 alifunga mabao 17 ya ligi, akawa kinara pamoja na Saido Ntibazonkiza wa Simba; tena alikuwa kinara wa mabao wa Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako Yanga ilifika fainali. Baada ya hapo Nabi akaondoka, na Mayele akaondoka akaenda Misri. Akaja kocha mpya, Miguel Gamondi kutoka Argentina. Utabiri wa mitaani ulikuwa mmoja: Yanga haina tena mfungaji, imekwisha.

Lakini aliyetazama waliobaki asingesema hivyo. Walibaki viungo wenye mguu wa kufunga, na mmoja wao alikuwa Stephane Aziz Ki. Gamondi hakumtafuta Mayele mwingine kwa udi na uvumba. Alibadili njia. Mpira uliokuwa ukitafuta mtu mmoja mbele sasa ukawa unawatafuta viungo wanaoingia eneo la hatari wakitokea nyuma. Msimu huo wa 2023/2024 Aziz Ki, ambaye ni kiungo, alifunga mabao 21 ya ligi akawa kinara, na Yanga ikatwaa ubingwa. Tarehe 5 Novemba 2023 iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, matokeo ambayo mashabiki wa pande zote mbili hawatayasahau.

Unaona, ndugu msomaji, tofauti ya visa hivi? Kagera Sugar ilibaki na kocha na kumpoteza mfungaji, ikadhoofika. Yanga ilimpoteza kocha na mfungaji pamoja, ikazidi kung'ara. Jina la kocha peke yake lisingekuambia lolote kati ya hayo. Orodha ya waliobaki ingekuambia mengi.

SIKU NGAPI ZA MAZOEZI?

Swali la pili ni la muda. Kocha wa klabu anayeanza kazi kabla ya msimu hupata majuma kadhaa ya kuwafundisha wachezaji wake asubuhi na jioni. Kocha anayeletwa katikati ya msimu hupata siku chache kati ya mechi na mechi. Na kocha wa timu ya taifa hupata kidogo kuliko wote, kwa kuwa wachezaji wako kwenye klabu zao.

Hapa iko kanuni moja ambayo shabiki anapaswa kuikumbuka: ulinzi hutengenezeka upesi, ushambuliaji huchukua muda. Kumfundisha mtu asimame wapi wakati mpira uko kwa adui ni kazi ya siku chache. Kuwafundisha watu watatu waelewane bila kusemezana, kwamba huyu akigeuka yule awe ameshakimbia, hiyo ni kazi ya miezi.

Ushahidi tunao. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizofanyika Côte d'Ivoire Januari 2024, Taifa Stars ilianza chini ya Adel Amrouche na kufungwa na Morocco mabao 3 kwa 0. Mara kocha huyo akasimamishwa, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman. Siku chache tu baadaye Stars ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Zambia, kisha sare ya 0 kwa 0 na Kongo. Fikiri: kutoka kufungwa matatu katika mechi moja hadi kufungwa moja katika mechi mbili. Nyuma palizibwa. Lakini mbele? Bao moja tu katika fainali zote, la Simon Msuva. Kocha mpya alikuwa amepata siku za kufunga mlango, hakupata siku za kutengeneza njia ya kutokea.

Mwaka 2025 hali ilijirudia kwa sura nyingine. Mwezi Novemba, majuma machache kabla ya fainali za Morocco, timu ya taifa ilikabidhiwa kwa Gamondi, yule yule aliyekuwa Yanga. Watu wakakumbuka mabao matano dhidi ya Simba, wakatabiri mvua ya mabao. Mvua haikunyesha. Stars ilifungwa na Nigeria 2 kwa 1, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Uganda, na sare nyingine ya 1 kwa 1 na Tunisia.

Mechi ile ya Uganda, tarehe 27 Desemba 2025, ilikuwa na ladha yake kwa watu wa Kyerwa. Pale Murongo, ng'ambo ya Mto Kagera ni Kikagati ya Uganda. Jirani unayebishana naye mpira huenda ni mteja wako sokoni. Msuva alifunga kwa penalti, Uganda ikasawazisha, kisha Uganda ikapata penalti ya mwishoni na kuikosa. Tazama jinsi hesabu ya mabao ilivyoning'inia kwenye teke moja. Nani angeweza kutabiri teke hilo?

Hata hivyo sare hizo mbili zilitosha. Kwa mara ya kwanza katika historia Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi. Tarehe 4 Januari 2026 ikatolewa na wenyeji Morocco kwa bao 1 kwa 0.

Sasa linganisha na zamani. Mwaka 1980 mjini Lagos, Stars ilifunga mabao 3 katika mechi tatu za kundi. Mwaka 2019 nchini Misri, chini ya Emmanuel Amunike, ilifunga mabao 2. Januari 2024 ilifunga 1. Desemba 2025 ilifunga 3, sawasawa na ya 1980. Makocha wamepishana, miaka imepita, hesabu haijasogea sana. Lakini njia ilibadilika: mabao matatu ya 2025 yalifungwa na watu watatu tofauti, Charles M'Mombwa, Msuva na Feisal Salum. Aliyetabiri kwamba kwa Gamondi mabao yatatoka kwa wengi, yakiwamo ya viungo, alipatia. Aliyetabiri idadi kubwa alichana mkeka.

UNAKUTANA NA NANI?

Swali la tatu ni la mpinzani, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Shabiki huzungumzia timu yake kana kwamba inacheza peke yake uwanjani.

Yanga ile iliyofunga mabao 5 kwa Simba ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 2024 ikakutana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Ilicheza Dar es Salaam, 0 kwa 0. Ikacheza Pretoria, 0 kwa 0. Ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Kocha ni yule yule, viungo ni wale wale, msimu ni ule ule. Kilichobadilika ni ukuta uliokuwa mbele yao. Ni kweli kwamba kule Pretoria shuti la Aziz Ki liligonga mwamba na kuangukia mstarini, na mpaka leo wengi wanasema mpira ulivuka. Lakini hilo nalo linaturudisha pale pale: njia ilionekana, hesabu ilikataa.

Na wana Kagera wanao mfano wao wenyewe wa kushangaza. Tarehe 19 Mei 2018 Simba ilikuwa tayari bingwa, nayo ilikuwa haijapoteza mechi hata moja ya ligi msimu mzima. Sherehe ikaandaliwa Dar es Salaam, na Rais John Magufuli akawa mgeni rasmi wa kukabidhi kombe. Aliyealikwa kucheza siku hiyo ni Kagera Sugar. Nani angeweka hata senti moja kwa Kagera? Edward Christopher akafunga bao dakika za mwisho. Simba ikapata penalti, akaiendea Emmanuel Okwi, kinara wa mabao wa msimu ule aliyekuwa na mabao 20. Mlinda mlango wa Kagera Sugar, mkongwe Juma Kaseja, akaidaka. Bingwa akakabidhiwa kombe akiwa amefungwa.

Msimu uliofuata, 2018/2019, Kagera Sugar iliifunga Simba tena, nyumbani na ugenini. Je, timu iliyomfunga bingwa mara mbili ilimaliza nafasi ya ngapi? Ilimaliza karibu kabisa na mkia, ikalazimika kucheza mechi za mchujo na Pamba ya Mwanza ili isishuke daraja. Mtu aliyeutazama ushambuliaji wa Kagera katika mechi mbili dhidi ya Simba angesema hii ni timu ya kuogopwa. Aliyeutazama msimu mzima alijua kwamba timu ile iliweza kuvizia na kushambulia kwa kushtukiza inapokutana na timu inayopanda yote mbele, lakini haikuwa na dawa kwa timu ndogo zinazokaa nyuma na kuisubiri. Kuivunja ngome iliyojaa watu ni ufundi mwingine kabisa.

KIPA AKIWA KOCHA

Tuje sasa kwenye jambo lililowagusa watu wa Kagera hivi karibuni. Msimu wa 2024/2025 Kagera Sugar ilibadili makocha. Ilianza na Paul Nkata kutoka Uganda, akafuata Melis Medo kutoka Marekani, na siku za mwisho za msimu akashika usukani Juma Kaseja, yule yule aliyedaka penalti ya Okwi. Haikusaidia. Timu ilishuka daraja.

Kila kocha alipofika, matumaini yalipanda. Lakini jiulize maswali yetu matatu. Nani amebaki? Wachezaji ni wale wale walioanza msimu vibaya. Siku ngapi? Chache, kati ya mechi na mechi. Mpinzani gani? Kila mmoja anayehitaji pointi kama wewe, tena aliyekwisha kuzoeana. Na zaidi ya hayo, kila kocha alikuja na njia yake, na kabla haijaota mizizi akaja mwingine na njia nyingine. Shamba linalopogolewa na mabwana shamba watatu kwa msimu mmoja, kila mmoja kwa mtindo wake, litazaa nini?

Wapo waliosema, "Kipa hawezi kufundisha kushambulia." Maneno hayo hayana uzito. Mlinda mlango ndiye mchezaji pekee anayeutazama mchezo wote ukiwa mbele yake kwa dakika tisini. Anajua ni shambulio la namna gani linalomnyima usingizi na ni lipi linalompa kazi nyepesi. Tumeona Mexime, aliyekuwa beki, akijenga timu iliyotoa mfungaji wa mabao 12. Nafasi aliyocheza mtu zamani hueleza kidogo sana kuhusu timu atakayoijenga. Kumhukumu kwa hiyo ni sawa na kumhukumu bwana shamba kwa kijiji alichozaliwa.

Na timu iliyoshuka daraja inahitaji kutazamwa kwa jicho jingine. Huko chini hukutana na wapinzani ambao wengi watakaa nyuma kwa kuiheshimu. Kwa hiyo timu iliyozoea kuvizia hulazimika kujifunza kutawala mpira. Ukitaka kujua kama kocha wa timu ya namna hiyo anafanikiwa, usihesabu mabao ya mechi mbili za kwanza. Tazama kama mipira inaingia eneo la hatari kutoka pembeni na katikati, au kama inarushwa mbele tu kwa kubahatisha.

DAFTARI LA NYUMBANI

Baada ya kueleza hayo, tunakupa kazi ndogo, ndugu msomaji, ambayo unaweza kuifanya na wanao mezani. Haikugharimu zaidi ya daftari moja na kalamu.

Timu yenu ikipata kocha mpya, andikeni majina ya wachezaji waliofunga msimu uliopita na idadi ya mabao ya kila mmoja. Futeni walioondoka. Mabao yaliyobaki kwenye karatasi ndiyo mtaji halisi wa kocha. Kisha andikeni mabao hayo yalipatikana vipi: mangapi kwa penalti, mangapi kwa kona na mipira ya adhabu, mangapi kwa mchezo wenyewe. Timu iliyofunga kwa penalti nyingi isitegemewe kurudia, maana penalti hutegemea filimbi ya mwamuzi. Mabao ya kona ni ya kufundishwa, na kocha mpya anaweza kuyaongeza upesi.

Halafu kila mmoja, baba, mama na watoto, aandike utabiri wake kuhusu njia: timu itapitia pembeni au katikati? Mfungaji atakuwa mmoja au wengi? Itacheza mbele au itavizia? Fungeni daftari. Lifungueni baada ya mechi tano, mkosoane kwa upole, kisha andikeni upya. Mtashangaa kuona kwamba mara nyingi aliyepatia ni mtoto aliyetazama mchezo, si baba aliyeshikilia jina la kocha.

Kuhusu fedha, tufanye hesabu ya darasani. Tuseme umeandika mkeka wa mechi tano, na katika kila mechi una nafasi nzuri sana ya kupatia, tuseme saba katika kumi. Ukizizidisha nafasi hizo mara tano, uwezekano wa kuzipatia zote unakuwa takriban 17 tu katika 100. Na kama kila mechi ni nusu kwa nusu, basi ni mara moja katika mara 32. Hapo bado hujamwingiza kocha mpya ambaye hata wachezaji wake hawajamzoea! Mtu anayetoa shilingi 2,000 kila wiki kwa kazi hiyo, kwa mwaka ametoa shilingi 104,000. Kwa mfanyakazi wa kawaida hizo si fedha za kuchezea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi tunaongeza, usiuze mkeka wa kulalia kwa ajili ya mkeka wa karatasi.

Hatusemi watu waache kutabiri. Kutabiri ni nusu ya utamu wa kandanda. Kocha mpya huleta matumaini, na mji usio na matumaini ni mji uliolala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na akaribishwe kwa moyo mweupe. Tunachosema ni kwamba apewe muda, atazamwe kwa kazi yake, na asibebeshwe ada ya mtoto wa mtu.

Kwa hiyo, Jumapili ijayo utakapoingia kibandani, uwe Kayanga, Nkwenda, Mwanza au Ubungo, na kelele zikaanza kwamba kocha fulani ameteuliwa na sasa ni matano matano, wewe uliza kwa sauti ya upole: nani amebaki, kapata siku ngapi, na anakutana na nani? Huenda watakuzomea kidogo. Lakini yule mzee wa kahawa aliyeketi barazani, anayejua kwamba mavuno hayahesabiwi kabla ya ua kuwa tunda, atatikisa kichwa na kukuelewa.